Kufuli la Pili

Nyumbani kwa Harm Oosting kahawa hunywewa na biskuti moja. Mgeni akishachukua yake, Harm hulifunika kopo, hulirudisha kabatini, kisha hukaa kitako na kumuuliza habari za afya. Kwetu Drenthe, mashambani mwa Uholanzi, hakuna anayeshangaa. Ndivyo tulivyolelewa, na waliotulea walilelewa vivyo hivyo. Ila Harm alikuwa ameligeuza jambo hilo kuwa dini. Mkewe, Roelie, aliolewa na kopo lile tangu msichana, na sasa alikuwa na wajukuu, lakini biskuti ya pili hajawahi kuila mbele ya mumewe.

Roelie alikuwa fundi cherehani. Alifupisha suruali za kijiji kizima, na alichokipata alikificha mahali ambapo hata Harm, mwenye pua ya kunusa senti chini ya zulia, hakupafikia. Jioni moja akamketisha mezani akamwambia kwamba amelipia safari ya meli ya mtoni, watu wawili, wiki nzima, kutoka Amsterdam kuupanda mto Rhine hadi Basel, chakula humo humo.

"Umelipa, au umeandikisha jina tu?" Harm aliuliza.

"Nimelipa."

"Na hela hairudi?"

"Hairudi, Harm."

Harm alifikiri sana. Kama hela hairudi, basi kutokwenda ni hasara. Hivyo ndivyo alivyokubali, na ndiyo maana Roelie, aliyemjua vizuri, alichagua tiketi ya aina hiyo.

"Na baiskeli yangu?" akauliza tena.

"Meli haichukui baiskeli."

"Wiki nzima nikae tu? Kwani mimi mgonjwa?"

"Ndiyo maana tutatangulia siku moja. Tutaendesha baiskeli Amsterdam, mimi na wewe, kama zile siku za fungate. Halafu tutakaa kwenye mkahawa pale ukingoni mwa mfereji, tule keki ya tufaha yenye krimu. Basi. Sitaki kingine."

Fungate yenyewe iliwaachia kovu. Harm na bibi harusi wake walipanda mnara wa kanisa kutazama mji, na waliposhuka, baiskeli haipo. Alikuwa ameifunga kwa kufuli moja. Tangu siku ile hakuwahi kuegesha baiskeli bila makufuli mawili, lile la gurudumuni na mnyororo wa kuifungia kwenye chuma, hata mbele ya kanisa la kijijini kwetu Beilen, ambako mwizi wa mwisho alizikwa enzi za babu yake. Mvua ikinyesha huvalisha tandiko mfuko wa plastiki kwanza, ndipo humfungulia Roelie mlango.

Roelie hakuwa mtu wa manung'uniko. Alitaka wiki moja tu ambayo hakuna mtu atakayefunika kopo, na alitaka, kama Mungu angependa, Harm awemo ndani ya wiki hiyo akicheka. Alikuwa na hofu kwamba la pili ni gumu kuliko la kwanza.

*

Duka la kukodi baiskeli lilikuwa nyuma ya stesheni. Baiskeli zote zilikuwa za rangi ya waridi iliyokolea, zimechorwa maua ubavuni, na kila moja ilibeba namba kubwa mbele ya usukani. Binti wa dukani alikuwa na nywele za kusuka na tabasamu la kazini.

"Habari za asubuhi," Harm alisema kwa Kiholanzi safi.

Binti akamjibu kwa Kiingereza. "Karibuni sana Amsterdam! Mnatoka nchi gani?"

"Mwanangu, nasema Kiholanzi hapa."

"Safi kabisa, unajitahidi!" binti aliendelea kwa Kiingereza kile kile. "Mnatoka wapi?"

"Beilen!"

"Huko sijafika. Kuna joto?"

Roelie alijifanya anakohoa. Harm alikuwa amewiva uso. Alikuwa amesimama katika mji mkuu wa nchi yake mwenyewe, nchi aliyoilipia kodi tangu ujana, na anakaribishwa kama mgeni.

"Mtahitaji helmeti?" binti aliuliza kwa upole. "Wageni wengi huanguka."

Hilo ndilo lililoukata mshipa. Harm alimshika mkewe mkono wakatoka.

"Umesikia? Helmeti! Mimi!"

"Kakuuliza tu, Harm. Tukodi mbili tuondoke."

"Nipande dude lile, na namba kama mfungwa? Kila atakayeniona atasema yule mtalii."

"Kwani sisi si watalii?"

"Mimi ni Mholanzi. Mholanzi hakodi baiskeli, kama samaki hakodi maji."

"Basi samaki wangu, tutembee kwa miguu," Roelie alisema.

Hawakutembea sana. Kwenye daraja la tatu kijana mmoja mwenye koti zito, mwezi Juni, alikuwa amesimama na baiskeli nyeusi huku akitazama kushoto na kulia. "Baiskeli, mzee?" alinong'ona. "Euro ishirini."

Harm aliiinua, akazungusha gurudumu, akagonga fremu kwa kidole. Baiskeli ilikuwa nzima. Kwenye madigadi ya nyuma mtoto fulani alikuwa amechora mdudu mwekundu mwenye madoa meusi.

"Harm, ya wizi hiyo," Roelie alisema.

"Nani kasema? Kijana, hii ni ya wizi?"

"Hapana mzee. Ya shangazi yangu."

"Umesikia? Ya shangazi yake."

"Shangazi yake anachora wadudu?"

"Shangazi za watu huwajui wewe. Na tena, mji huu kila baiskeli imeshaibwa mara tatu. Hii imezoea."

Mtu huyu kanisani huzungusha sahani ya sadaka. Hakuwahi kuchukua yai la jirani lililotagwa upande wake wa ua. Lakini euro ishirini kwa baiskeli nzima zilimfanyia kitu ndani ya kichwa, dhamiri ikasogea pembeni kupisha hesabu. Akalipa. Kisha akaingia duka la kwanza aliloliona akatoka na mnyororo mnene wenye kufuli la chuma, wa euro thelathini na tano.

"Yaani baiskeli ishirini, mnyororo thelathini na tano," Roelie alisema.

"Mnyororo utadumu."

Roelie angeweza kukasirika, lakini Harm alikuwa ameshapanda na anaondoka taratibu, kichwa ameinamisha pembeni, namna ile ile ya zamani ya kumwambia njoo. Akakimbia hatua kadhaa na mkoba wake, akarukia keria akakaa upande, mkono kiunoni mwa mumewe. Baiskeli iliyumba, mtu akapiga yowe, kisha ikanyooka. Roelie alicheka kwa sauti. Kwa muda wa mitaa miwili mitatu alikuwa na furaha kamili, nasi tusimnyang'anye.

Harm naye alikuwa mfalme. Alipiga kengele kila pembe. "Njia ya baiskeli!" aliwafokea wageni waliosimama katikati kupiga picha. "Hii ni njia ya baiskeli!" Wageni waliruka pembeni wakimpiga picha na yeye. Hadi kijana mmoja wa kupeleka vyakula, juu ya baiskeli ya umeme, alipompita kwa nyuma kama mshale. "Sogea babu, umetoroka makumbusho?" Kwa Kiholanzi lakini, na Harm akafarijika kwamba angalau ametukanwa kama mwenyeji.

Walipita mkahawa wa kwanza. Harm akasema viti vyake vina jua kali. Wa pili ulikuwa na kivuli mno. Wa tatu ulikuwa na bei ubaoni, akaisoma bila kushuka, akaongeza pedali. Mwishowe walikaa kwenye benchi la manispaa, Harm akafungua mkoba akatoa mikate yenye jibini waliyotoka nayo Beilen. Ng'ambo ya mfereji mwanamke asiyewahusu alikuwa akila keki ya tufaha yenye krimu.

"Harm. Keki."

"Kesho melini utakula bure mpaka uchoke."

"Si bure. Nimelipia."

"Ndiyo nakwambia. Ukishalipia, ni bure."

Roelie alitafuna mkate wake akiitazama keki ya watu. Jibini lilikuwa limetokwa jasho.

*

Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, gari la kampuni ya meli likachukua mizigo. Baiskeli walikuwa wameiacha usiku kucha kwenye chuma cha daraja jirani na hoteli, mnyororo umezungushwa mara mbili, na Harm akataka kuifuata.

"Ya nini tena?" Roelie aliuliza. "Meli inaondoka jioni hii."

"Naileta gatini naifunga pale. Tukirudi kutoka Basel kwa treni tunaikuta. Tunaiuza."

"Iache, Harm. Nakuomba."

"Niache euro ishirini barabarani? Na mnyororo? Tangulia wewe, nakuja sasa hivi."

Kumbe kando ya baiskeli alikuwa amesimama mwanamke wa makamo, suti ya kijivu, mikono kifuani. Aliitwa Jorinde, wakili, na alionekana kuwa ameshakaa hapo muda mrefu akijipasha moto kwa hasira.

"Huu mnyororo wako?" aliuliza.

"Wangu. Mzuri, eeh?"

"Na hiyo baiskeli yangu."

"Samahani bibie, hii nimeinunua jana."

"Unaona mdudu huyo? Kachora binti yangu. Unataka nimpigie simu aje akueleze kamchora lini?"

Hapo Harm angefungua kufuli, angeomba radhi, na hadithi hii isingekuwepo. Lakini alikumbuka ishirini zake.

"Sawa," alisema. "Baiskeli yako. Mimi sina ubishi. Nipe ishirini nilizotoa, nifungue."

Jorinde alimtazama kama mtu anayeangalia kiatu kinachozungumza. "Nikulipe kwa kuninunulia baiskeli yangu?"

"Nimeiokoa. Angechukua mwingine, usingeiona tena."

Jorinde akapiga simu polisi. Akaja polisi kijana, naye kwa baiskeli, amechoka na jua. Alisikiliza pande zote mbili, akavua kofia akajikuna.

"Mzee, kununua mali ya wizi ni kosa. Ningeweza kukuandikia. Lakini fungua huo mnyororo, mwache mama huyu achukue mali yake, wewe nenda zako, tuyasahau."

"Na ishirini zangu?"

"Mdai aliyekuuzia."

"Ana koti zito. Mtafuteni!"

"Mzee, mji huu una makoti mengi."

"Basi niandikie! Andika! Mimi mtu wa haki, sifungui mpaka haki itendeke."

Simu yake ikalia. Alikuwa Roelie, gatini, na nyuma yake muziki wa meli ulisikika.

"Uko wapi wewe?"

"Niko na polisi."

"Umegongwa?"

"Nimedhulumiwa."

Akamweleza. Roelie akasema, "Harm, fungua hilo kufuli. Watu wote wameshapanda, nimebaki mimi tu hapa chini na mkoba."

"Hili si suala la hela, Roelie, ni suala la haki."

"Kila siku si suala la hela, na kila siku ni hela."

"Usihofu. Meli haiwezi kuondoka bila abiria aliyelipa."

"Aliyelipa yuko hapa, Harm," Roelie alisema, na akakata simu.

Mhudumu wa meli, Costel, kijana wa Kirumania mwenye fulana nyeupe, alikuwa amesimama kwenye ngazi ya kupandia. Alikuwa ameshamsubirisha nahodha mara mbili kwa ajili ya bibi huyu.

"Mama, tunatoa ngazi. Samahani sana."

Roelie alitazama upande wa mjini. Watu walipita na baiskeli kwa mamia, na kila mzee mwenye mabega mapana alimshtua moyo. Aliwaza kurudi nyumbani. Aliiona jikoni yake, kopo, kabati. Alijiona kama mwanafunzi anayetoroka shule. Kisha akashika chuma cha ngazi, akapanda.

Huku darajani Jorinde alikuwa amechoka. "Nampigia fundi aje aukate huo mnyororo," alisema.

"Aukate?" Harm alishtuka. "Mnyororo wa thelathini na tano?"

Akaufungua papo hapo, akauvaa mabegani kama shada la mshindi, akakimbia. Lakini mbio za sakafuni huishia ukingoni, na kweli ziliishia ukingoni mwa gati, mbele ya maji matupu. Meli ilikuwa imeshageuza tako, inakwenda zake taratibu kuelekea mfereji.

*

"Panda treni asubuhi tukutane Cologne," Roelie alimwambia kwenye simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia akanawa uso.

"Treni ya Ujerumani? Unajua ni bei gani?"

Harm alikuwa na akili, asionewe. Alijua meli za mtoni hazina haraka. Alijua mfereji wa kwenda Rhine una njia ya baiskeli kandokando, imenyooka, na kwamba kule Wijk bij Duurstede meli zote hufungiwa kati ya malango mawili ya maji zikisubiri maji yalingane na ya mtoni. Pale meli hukaa ubavuni mwa ukuta, karibu kabisa, mtu anaweza kuvuka kwa hatua moja. Na jua la Juni lilikuwa bado lina saa nyingi. Alichokosa ni baiskeli.

Duka lililokuwa karibu lilikuwa moja tu.

"Karibu tena!" binti wa nywele za kusuka alisema kwa Kiingereza. "Umeshaujua mji?"

Harm alisimama mbele ya meza, anahema, mnyororo shingoni. Alifungua kinywa kutoa Kiholanzi chake, akakumbuka muda. Akameza mate, na kwa Kiingereza cha shule alichokisahau nusu, akasema, "Naomba baiskeli moja, tafadhali."

"Vizuri sana! Unaacha amana ya euro mia na hamsini, ukiirudisha tunakurudishia. Ikiibwa, ndiyo basi. Kufuli la gurudumu lipo tayari. Na helmeti?"

Harm alilipa bila kumtazama usoni. Akapewa namba mia mbili na kumi.

*

Juu ya sitaha kulikuwa na meza zenye vitambaa vyeupe, na juu ya kila meza kahawa, na kando ya kahawa kopo la biskuti lililo wazi. Roelie alichukua moja. Mkono wake wenyewe ukatafuta kifuniko cha kulifunika, ukakikosa. Melini walikuwa hawaweki vifuniko.

Aliyeketi naye ni Darlene, mjane kutoka Nebraska, mwanamke mnene mchangamfu aliyejua maneno matatu ya Kiholanzi na kuyatumia yote kila mara. Kwa Kiingereza cha kuokoteza na vidole walikuwa wanaelewana vizuri.

"Hukuja na mzee wako?" Darlene aliuliza.

"Ana shughuli."

"Wangu naye alikuwa hivyo hivyo. Shughuli mpaka kaburini."

Ng'ombe walipita, mnara wa kanisa ukapita. Darlene akaruka kitini. "Ona! Ona kule! Mholanzi halisi! Mzee mzima na baiskeli yake, jamani, nchi hii nzuri!"

Roelie aligeuka. Kwenye njia ya kandokando ya mfereji, amelala juu ya usukani, shati limeganda mgongoni, mnyororo unamrukaruka shingoni, Harm Oosting alikuwa anasukuma pedali sambamba na meli, juu ya baiskeli ya waridi yenye maua. Alipoona vichwa vimegeuka alipunga mkono. Abiria wote wakampungia, simu zikatolewa.

Roelie alihisi vitu viwili kwa mpigo, aibu na mapenzi, na hakujua kipi kikubwa.

"Huyo si Mholanzi," alisema pole pole. "Tazama baiskeli. Mtalii huyo."

Lakini macho hakuyaondoa. Kila Harm alipobaki nyuma, kwenye daraja au pembe, Roelie alishika meza. Kila alipochomoza tena, alivuta pumzi. Hajawahi kumwona akikimbilia kitu namna ile ambacho si punguzo la bei. Mzee wa watu, mapafu ya uzee, na upepo wa usoni! Pale alipopita mji wa Breukelen ana mate mdomoni, Roelie alikuwa ameshamsamehe yote, ishirini, polisi, hata keki. Akainuka akamtafuta Costel.

"Yule wa baiskeli ya waridi ni mume wangu. Jina lake limo kwenye orodha yenu. Mnaweza kumchukua pale malangoni?"

Costel alicheka mpaka akashika ubavu, akaenda kwa nahodha, akarudi. "Nahodha kakubali, mama. Tukiwa ndani ya malango nitampa mkono. Ila iwe upesi, na baiskeli haipandi."

"Haipandi," Roelie alisema. "Sawa kabisa."

Walipofika Wijk bij Duurstede, Harm alikuwa ameshafika. Alisimama juu ya ukuta, mikono magotini, anahema na kuchekacheka. Meli iliingia taratibu ikakaa ubavuni pake, lango la nyuma likafungwa. Roelie akashuka sitaha ya chini. Walikuwa wanatazamana, hatua moja kati yao, na harufu ya jasho lake ilimfikia.

"Umekuja," alisema Roelie.

"Nilikwambia nakuja."

Machozi yalimjaa Roelie. Alinyoosha mkono. Costel naye akanyoosha wake. "Haya mzee, acha baiskeli, vuka!"

"Dakika moja," Harm alisema.

Akainama akafunga kufuli la gurudumu. Likalia ka. Akatoa mnyororo shingoni.

"Harm! Njoo!"

"Si naifunga tu. Amana mia na hamsini, Roelie, mia na hamsini!"

"Nitalipa mimi! Harm, nakulipia mimi hiyo amana, iache!"

"Ya nini kupoteza? Chuma hiki hapa."

Chuma kilikuwa hatua kumi kutoka ukutani. Akaikokota baiskeli hadi pale, gurudumu la nyuma limefungwa linaburuzika, akapiga magoti, akapitisha mnyororo kwenye fremu, kwenye gurudumu, kwenye chuma. Vidole vilikuwa vimechoka na ufunguo ulimteleza. Roelie hakuona uso wake tena, aliuona mgongo. Aliujua mgongo ule, alikuwa ameutazama maisha yake yote, umeinamia baiskeli mvuani. Maji yalishalingana. Kengele ikalia, lango la mbele likafunguka, na Costel akarudisha mkono wake ndani.

"Harm," Roelie aliita, safari hii bila kupaza sauti.

Kufuli la pili likalia ka. Harm aliinuka, akaitikisa baiskeli mara mbili kuhakikisha, akageuka na uso wa mtu aliyemaliza kazi yake vizuri, funguo mkononi, anatabasamu. Kati yake na meli palikuwa na maji mapana kuliko hatua ya mtu yeyote.

Abiria walisema oooh kwa pamoja. Roelie akapanda ngazi akarudi mezani kwake. Simu ilikuwa inalia kabla hajaketi.

"Hawa watu wameondoka!" Harm alisema.

"Nimeona. Umeifunga vizuri?"

"Vizuri sana."

"Yote mawili?"

"Yote mawili."

"Basi yafungue, urudishe baiskeli ya watu. Asubuhi kuna treni ya Cologne. Tutakuwa pale hadi jioni. Ukitaka kuja, njoo. Mimi nitakuwepo."

Kwa mbali Roelie alimwona, mdogo, juu ya ukuta, simu sikioni, ameshika tandiko kwa mkono mwingine.

"Bei gani?" Harm aliuliza.

Darlene alikuwa ameacha kupiga picha. Alikuwa ameshaelewa mambo bila kutafsiriwa, akamshika mwenzake bega. "Mtalii wako anasemaje?"

"Si mtalii," Roelie alisema. "Ni mume wangu. Anauliza bei."

Hakumjibu Harm. Aliiweka simu kifudifudi juu ya kitambaa cheupe, akalivuta kopo karibu, akachukua biskuti ya pili.